Kiganja cha Fundi

Katika gereji yetu kando ya reli, bondeni chini ya Kisugu, tulikuwa wengi tulioshika nyundo, lakini aliyeitwa Fundi alikuwa mmoja tu. Sisi wengine tuliitwa kwa nchi zetu au kwa makosa yetu. Palikuwa na kijana aliyeitwa Moto kwa sababu aliwahi kuunguza kiti cha mteja alipokuwa akichomelea sakafu ya gari. Mimi niliitwa Mkenya. Mteja mgeni akiingia na kumwita yeyote kati yetu fundi, kama wateja wanavyofanya kila mahali Kampala, aliyeitwa alisogea kando haraka na kuonyesha kwa kidole: "Fundi ni yule pale."

Yule pale alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyekaa kwenye kiti cha dereva kilichong'olewa garini na kuwekwa chini ya bati. Sijui alizaliwa wapi. Watu wa Kisugu walisema babu zake walitoka Sudani wakiwa askari wa Wazungu, na kwamba ndiyo sababu Kiswahili chake kilikuwa na sauti ya kuamrisha. Yeye hakuwahi kunieleza, nami sikumwuliza. Nilimjua kwa mambo mengine.

Nilimjua kwanza kwa manukato. Alikuja kazini amejipaka mafuta mazuri, amevaa koti la buluu lililopigwa pasi mpaka mikono, utadhani anakwenda kuposa. Ikifika saa sita sisi tulikuwa weupe kwa vumbi kama watu waliomwagiwa unga, na koti lake bado lilikuwa na mikunjo ya pasi. Alikuwa na majivuno, tuseme ukweli. Hakuna kioo cha gari kilichopita mbele yake bila kutazamwa. Umri wake ulipungua kila alipoulizwa. Moto alipomwambia kwamba hesabu zake zinarudi nyuma, alijibu, "Gari ikinyooshwa vizuri si inarudi mpya? Wewe piga msasa."

Chai aliitaka na sukari nyingi kiasi cha kusimamisha kijiko. Mama aliyetuuzia chai kando ya reli alimwambia mbele yetu sote kwamba mwenye ugonjwa wa sukari hanywi hivyo. Fundi alisema yeye hana ugonjwa wowote, ana kiu. Mama chai akaguna, akamwongezea.

Mimi sikwenda pale kujifunza kunyoosha bodi za magari. Nilikwenda kuomba kazi ya kukaa. Nilikuwa nimeuza bidhaa za jumla Kikuubo miaka mingi, sabuni na biskuti, nimezoea kaunta, kucha zangu zina rangi, na wateja wananiita madam. Duka lilipofungwa nilizunguka mpaka viatu vikaisha soli. Nyumbani Kenya waliamini bado niko Kikuubo. Jirani aliniambia kuna gereji inayokua, labda wanataka mtu wa kupokea wateja na kutunza vipuri. Nikavaa vizuri, nikashuka bondeni.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lete mikono."

Nikadhani anataka kusalimia. Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akavikodolea macho viganja kama anayechagua nyanya sokoni. Vijana waliacha kazi wakatazama. Sijawahi kuona haya vile, mwanamke mzima, mama wa watoto, nakaguliwa mikono hadharani.

"Hii mikono bado inasikia," aliwaambia wale vijana. Kisha akanigeukia. "Ofisi hatuna, Mkenya. Msasa iko."

Vijana walicheka. Nilidhani ananidhihaki kwa ulaini wangu, na nilikasirika sana kiasi kwamba nilikubali. Nilianza kesho yake, nikiwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote, nachuchumaa kwenye maji machafu na kipande cha msasa nikisugua mlango wa gari la mtu, huku nikiomba asipite yeyote anayenijua.

Kazi ya bodi ina mambo mengi, lakini pale kwetu ilikuwa na sheria moja. Hakuna kipande kilichokwenda kwenye rangi kabla ya kiganja cha Fundi kupita juu yake. Unaweza kunyoosha mlango siku mbili, unagonga mbele kwa nyundo na nyuma umeshikilia kipande cha chuma, unasugua, unapaka rangi ya kwanza ya kijivu, unaona umemaliza. Hujamaliza. Fundi alikuja, akafumba macho, akapitisha kiganja taratibu kutoka ukingo mpaka ukingo. Alisema macho yanapenda kitu kinachong'aa, kwa hiyo hayana kazi hapo. Kiganja kikisimama mahali, ulijua umelala njaa. Kikifika mwisho bila kusimama, alisema "Safi," nawe ukajisikia umekua.

Wateja walikuja kutoka mbali kwa ajili ya kile kiganja. Niliwaona matajiri wenye magari ya maana wakisimama kimya, mikono nyuma, wakimtazama mzee aliyefumba macho akipapasa boneti. Ndicho kilichokuwa kila kitu chake. Mashine za kisasa hakuwa nazo, na gereji yenyewe ilikuwa bati na nguzo.

Kisha alitufundisha kusoma kwa mkono. Alikuwa akiweka mkono wako juu ya bodi, akaweka wake juu ya wako, mkapita pamoja. Mwisho akasema neno moja: "Sema."

Ilibidi useme kwa sauti, wote wasikie, mkono umekuta nini. Bonde, au kilima, au safi. Vijana aliwafanyia mara mojamoja. Mimi alinifanyia kila siku, tena kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo alivyozidi. Mlango wa Moto, aniite mimi. Buti la gari alilonyoosha mtu mwingine, aniite mimi. "Mkenya, kuja. Sema." Nilikuwa nasimama pale na harufu ya manukato yake shingoni, vijana wananitazama, nami natafuta jibu kama mtoto wa shule aliyeitwa ubaoni.

"Kuna bonde kidogo hapa, Fundi."

"Nilijua," alisema kila mara.

Nilimchukia kwa lile "nilijua." Kama alijua, kwa nini anitoe mbele za watu? Nilimwambia Moto kwamba mzee ananitesa kwa sababu ni mwanamke, na Mkenya, tena Mkristo. Moto aliweka msasa chini. "Hapana, Mama," alisema. "Mzee anakupenda. Mimi mulango yangu hataki hata niseme. Anakungoja wewe."

Alikuwa na ukali wa aina ya pekee kuhusu kuharibu. Ukitoboa bodi kwa moto, au ukiipiga nyundo ikatanuka, hakukukata chochote wala kukufukuza. Alikuamuru umngoje mwenye gari na umwambie wewe mwenyewe, umesimama mbele yake, yeye Fundi akiwa amekaa kwenye kiti chake anasikiliza. "Sema leo, ona haya leo, halafu lala." Nimewaona vijana wakitetemeka kwa ajili hiyo kuliko kwa kipigo. Mimi mwenyewe nimesimama hivyo mara mbili, na mara ya pili mwenye gari aliniuliza kama sina mume wa kunilisha.

Lakini yeye mwenyewe sheria hiyo ilimshinda, na hilo nalo niliseme. Alituhubiria dhidi ya puti, kwamba ni uongo wa kujazia mashimo, bodi inyooshwe kwa nyundo, na nyuma ya kiti chake alificha kopo. Alipoona tumeliona alisema hiyo ni dawa, na dawa mtu haitangazi. Hilo tulicheka.

La mlango hatukucheka. Mteja mmoja alirudisha gari lake jeupe tulilomaliza wiki iliyotangulia. Aliliegesha ubavu kwa jua la jioni, akasema, "Mzee, tazama." Mlango wa nyuma ulikuwa na mawimbi. Kila mtu aliyaona. Siku ile ulipokaguliwa mimi nilikuwa nimelala nyumbani na homa, na Fundi ndiye aliyeupitisha peke yake.

Nilingoja asimame aseme. Badala yake alimgeukia mpiga rangi wetu, akamtukana mbele ya mteja, akamwambia amepuliza rangi vibaya, akapiga kelele mpaka yule mtu akakusanya vifaa vyake na kuondoka, na hakurudi tena. Rangi haiwezi kufanya mawimbi. Hata mama chai alijua. Tuliinamisha vichwa tukasugua vitu ambavyo havikuhitaji kusuguliwa. Niliona aibu kwa niaba yake, na aibu ya namna hiyo haina pa kuiweka, maana si yako.

Alikuwa pia na upole usiotangazwa. Gari likija limetoka kwenye ajali ya watu kufa, hakuna aliyeligusa mpaka yeye amimine maji mlangoni na kusoma dua kwa sauti ya chini. Treni ya mizigo ikipita kuelekea bandari ya Port Bell, alituamuru tuache kugonga, eti tupumzishe masikio, na nadhani alipenda tu kuitazama. Na alikuwa jasiri wa ajabu kwa moto. Chuma kikiwa kimetoka kuchomelewa, sisi tunatafuta matambara, yeye alikiokota kwa mikono mitupu na kukigeuza polepole akitazama mshono. Vijana walipiga mluzi. "Mikono ya chuma," walisema. Yeye alitabasamu, akajitazama kwenye kioo.

Sasa nieleze habari ya Mama Mchungaji, kwa sababu hapo ndipo Fundi aliponijua.

Kanisani kwetu tuko Wakenya wengi, watu wa biashara na wa maofisi, na Jumapili tunajipamba. Mimi niko kwaya. Nilikuwa nimewaambia kwamba siku hizi niko kwenye mambo ya magari. Wakadhani naagiza magari kutoka ng'ambo, nami sikuwazuia kudhani. Kucha zangu nilizificha kwenye kitabu cha nyimbo.

Siku moja Mama Mchungaji aliingia gerejini na gari lililovunjika taa na kukunjika pua. Nilikuwa nimetoka kunawa mikono, sina ovaroli, nimesimama karibu na gari zuri la mteja. Akanikumbatia kwa furaha. "Dada! Hata wewe umegongwa?"

"Ndiyo," nilisema. "Kidogo tu, ubavuni."

"Pole sana. Hawa watu wako sawa? Wanajua kazi?"

"Wanajua," nilisema.

Fundi alikuwa kwenye kiti chake, hatua chache kutoka pale. Alisikia yote. Hakuinuka, hakukohoa. Mama Mchungaji alipoondoka nilivaa ovaroli nikaanza kufungua ile pua iliyokunjika, nikingoja. Asubuhi ikapita. Ilipofika chai, tumekaa wote kwenye matairi, Fundi alikoroga sukari yake muda mrefu.

"Mkenya," alisema. "Gari yako ni ya rangi gani?"

Vijana hawakuelewa. Mimi nilielewa. Nilitamani reli ifunguke nishuke chini yake. Akaongea kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na kikombe. "Mimi sijawahi kuona haya sababu ya kazi. Hata siku moja."

Nilimwamini. Nililala nikijiona takataka, na kwa muda mrefu nilimpima kila mtu kwa yule mzee asiyeona haya.

Kisha akaacha kuja. Tuliambiwa ana kidonda mguuni. Mambo yakakwama, maana sheria ilikuwa sheria: vipande vilijipanga ukutani na rangi yao ya kijivu, na hakuna aliyethubutu kuvipeleka rangi bila kiganja. Mmoja wa wateja, mwenye gari dogo la abiria, hakuweza kungoja. Kilichobaki kwake kilikuwa madigadi ya mbele, bodi ya juu ya gurudumu, niliyoinyoosha mimi. Wenzangu wakaamua ipelekwe kwa Fundi nyumbani, na kwa kuwa mimi naishi Kisugu kama yeye, nilipewa niende nayo Jumapili.

Nilikwenda nikitoka kanisani, na gauni la kwaya. Kwenye mkoba wangu, pamoja na kitabu cha nyimbo, nilikuwa na nyundo na kile kipande cha chuma, kwa sababu Fundi hakupokea bodi bila kuona nyundo iliyoifanya. Tulipofika getini kwake, mtu wa boda aliyenibeba kwa pikipiki yake aliiegemeza madigadi kwenye nguzo akahangaika na chenji. Ikateleza. Ikagonga jiwe.

Niliiinua. Katikati kabisa palikuwa na bonde jipya, kubwa kama alama ya dole gumba kwenye unga uliokandwa. Mtu wa boda akaniomba radhi, "Bambi, nnyabo, sorry." Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Fundi. Sema leo, ona haya leo.

Mke wake alinipokea ukumbini akiwa na uchovu usoni. Alinieleza kwa sauti ya chini habari za mguu. "Alikanyaga msumari huko kwenu. Akatembea nayo siku nzima, akarudi nayo nyumbani. Mimi ndiye niliona damu kwa kiatu. Yeye hakusikia kitu."

Fundi alikuwa kwenye mkeka nje, mgongo ukutani, mguu umefungwa bandeji. Manukato yalikuwepo. Koti lilikuwepo, juu ya kanzu. Aliniona na gauni langu akacheka. "Mkenya, umenivalia?"

Nikapiga magoti nikamwekea madigadi mapajani. Nilifungua kinywa nimweleze juu ya nguzo na jiwe, lakini alikuwa ameshafumba macho. Kiganja kilianza safari yake kutoka ukingoni, taratibu, kama siku zote. Kikafika kwenye lile bonde. Kikashuka ndani yake, kikapanda, kikaendelea mpaka mwisho.

"Safi," alisema. "Waambie waipeleke rangi."

 Nilitazama kile kiganja kimelala juu ya chuma, na kwenye vidole vyake niliona makovu ya kuungua ambayo sikuwahi kuyatazama kwa makini, moja juu ya jingine. Aibu ilinipanda mwili mzima, na safari hii sikujua ni aibu ya nani. Niliwaza kuichukua tu. Ningeshukuru, ningerudi bondeni, ningelinyoosha lile bonde mwenyewe, na hakuna ambaye angejua kamwe. Jina lake lingebaki pale lilipokuwa. Na kesho vingeletwa vile vingine vilivyojipanga ukutani, naye angesema safi, na safi, na safi, mpaka mteja mwingine asimame kwenye jua la jioni.

Nilichukua mkono wake. Nikaurudisha katikati ya madigadi, nikaweka wangu juu yake, kama alivyokuwa akinifanyia.

"Kuna bonde hapa, Fundi. Imeanguka getini sasa hivi."

Nilingoja neno lake. Alifumbua macho, akatazama chuma, akalitafuta lile bonde kwa macho mpaka akaliona. 

"Sikujua," alisema.

Aliiondoa mikono yake akaiingiza kwenye mifuko ya koti, yote miwili, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Hakunitazama. Ndani mke wake alikuwa akiosha vyombo.

"Ganzi imeanza kidogokidogo," alisema baadaye. "Kwanza vidole vya mwisho. Siku wewe ulikuja kuomba ofisi, ilikuwa imefika hapa." Alikionyesha kiganja kwa kidevu tu, mkono haukutoka mfukoni. "Ile mulango ya gari nyeupe, mimi ndiye. Yule mtu wa rangi nilimwonea."

"Ungetuambia, Mzee."

"Niliona haya," alisema.

 Kisha akauliza kama nimekuja na nyundo. Nikaitoa kwenye mkoba, kitabu cha nyimbo kikaanguka mkekani, hakuna aliyekiokota. Niligonga nikiwa nimepiga magoti na gauni langu la kwaya, majirani wakichungulia juu ya ukuta, na wengine walikuwa watu wa kanisani kwangu, niliwaona. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilipomaliza nikafumba macho, nikapitisha kiganja.

"Sema," alisema.

"Safi."

Hakusema alijua. Alitikisa kichwa tu, akatazama pembeni.

Alisisitiza kunisindikiza mpaka getini, akichechemea, mkono mmoja ukutani na mwingine mfukoni. Nilipanda boda nikaiweka madigadi mapajani, vumbi likashika gauni. Jirani mmoja, mzee aliyevaa kofia, alisimama akamwuliza nani amenyoosha hicho kitu vizuri hivyo.

"Fundi," alisema.

Yule jirani alidhani anajitaja mwenyewe, akacheka, akampiga bega, akamsifu kwamba hata na mguu mbovu bado anafanya kazi. Fundi alinitazama. Alikuwa akiningoja, kama alivyoningoja kila siku mbele ya vijana, nimwambie kuna nini pale.

Nilimwambia mtu wa boda twende.